Mkono, Chombo na Lawama: Historia ya Fimbo ya Kusukumia katika Mchezo wa Gofu

Katika ujana wangu nilipata senti za daftari na kalamu kwa kubeba mifuko ya wachezaji wa gofu katika mji mmoja wa bara. Kazi ile ilikuwa nyepesi kwa mabega lakini nzito kwa moyo. Mzee mmoja niliyemchukulia mfuko mara kwa mara alikuwa hodari wa kupiga mpira mbali, walakini alipofika karibu na shimo uhodari ule ulimtoka. Alikuwa na fimbo nyembamba ya chuma aliyoirithi kwa baba yake, na kwa fimbo hiyo alikosa mashimo yaliyokuwa hatua tatu tu mbele ya miguu yake. Kila alipokosa alinigeukia mimi. Mara nilikuwa nimekohoa, mara kivuli changu kilikuwa kimepita, mara nilikuwa nimesimama upande usiofaa. Siku moja alininyima nusu ya ujira wangu kwa kosa la kupumua. Nilipomsimulia mama habari hiyo jioni alinijibu kwa methali: mbaazi ukikosa maua husingizia jua.

Methali ile ilinituliza, lakini haikunitosheleza. Nilijua ya kuwa mimi sikuwa jua la mbaazi ule. Je, kosa lilikuwa la mkono wa mzee peke yake? Au fimbo ile nayo ilikuwa na fungu lake katika kosa? Swali hili dogo nilikaa nalo miaka mingi, na hatimaye lilinifikisha katika historia ambayo sikuidhania: historia ya watu waliobishana kwa muda mrefu juu ya umbo la kipande cha chuma kisichozidi upana wa kiganja. Nimeona inafaa kuisimulia hapa, kwa sababu chini ya umbo la chuma kile kuna jambo linalomhusu kila mtu anayehukumu makosa ya wenzake.

Msomaji asiyeujua mchezo huu ana haki ya kuelezwa kwanza. Gofu ililetwa Afrika ya Mashariki na Waingereza wa zama za ukoloni; klabu ya gofu ya Nairobi ilianzishwa mwaka wa 1906, na wengi wetu tuliutazama mchezo wenyewe kutoka upande wa pili wa ua. Mchezaji huupiga mpira mdogo kwa fimbo za namna mbalimbali mpaka uingie katika shimo, na mshindi ni yule aliyetumia mapigo machache. Mpira kwa kanuni hauzidi uzito wa gramu 45.93, na kipenyo chake hakipungui milimita 42.67. Shimo lina kipenyo cha milimita 108, kipimo kilichowekwa na klabu ya St Andrews huko Uskoti mwaka wa 1891. Mpira ukisha kufika katika uwanja wa majani mafupi unaozunguka shimo, ambao wachezaji huuita grini, haupigwi tena kwa nguvu, bali husukumwa utambae juu ya majani. Fimbo ifanyayo kazi hiyo ndiyo fimbo ya kusukumia, nayo ndiyo mada yetu.

Mtu huweza kudhani kuwa kazi ya kusukuma ni nyepesi kuliko zote. Hesabu yakataa. Tuseme shimo li mita 3 mbele yako, na uwanja ni sawa kama meza. Uso wa fimbo ukielekea kando kwa nyuzi 1 tu, mpira utakapofika penye shimo kiini chake kitakuwa kimepotoka kwa milimita 52 hivi. Nusu ya kipenyo cha shimo ni milimita 54. Basi nyuzi 1, ambayo jicho la kawaida haliwezi kuitambua, yatosha kuufikisha mpira ukingoni, mahali ambapo huamua wenyewe kuingia au kutoingia. Na hilo ni kosa la kulenga peke yake. Liko kosa la pili, la kuupiga mpira kwa ncha ya kichwa au kwa kisigino chake badala ya katikati. Historia ya fimbo ya kusukumia ni historia ya makosa haya mawili: jicho kukosa njia, na mkono kukosa kiini.

Habari za kale za mchezo huu zapatikana Uskoti. Mwaka wa 1457 bunge la nchi hiyo, katika enzi ya Mfalme James wa Pili, lilipiga marufuku gofu pamoja na kandanda, kwa sababu vijana waliacha mazoezi ya upinde na mshale yaliyotakiwa kwa ulinzi wa nchi. Kwa hiyo mara ya kwanza sheria inapoutaja mchezo huu yautaja kwa kuukataza, tena yaukataza kwa ajili ya shabaha. Watu walitakiwa kulenga adui, wao wakachagua kulenga shimo.

Fimbo za kusukumia za karne zilizofuata zilikuwa na vichwa vya mti, virefu na vyembamba. Nyuma ya kichwa palichimbwa tundu likajazwa madini ya risasi ili kuongeza uzito, na chini ya uso palitiwa kipande cha pembe ya kondoo ili mti usilike upesi. Mtengenezaji aliyesifiwa kuliko wote alikuwa Hugh Philp wa St Andrews, aliyezaliwa mwaka wa 1782 na kufa mwaka wa 1856. Vichwa vyake vilikuwa na mviringo mwembamba wenye kupendeza macho, na hata leo hutunzwa kama vile watu watunzavyo vyombo vya sanaa. Lakini uzuri wa chombo na uaminifu wa chombo ni mambo mawili. Mpini wa fimbo zile uliunganishwa na kichwa mwishoni kabisa, upande wa kisigino, hata kichwa chote kikawa kimening'inia upande mmoja, kama bendera na mlingoti wake. Mpira ulipopigwa mbali kidogo na kiini, kichwa kiligeuka mkononi, na mpira ulikwenda kombo tena ulipungukiwa mwendo.

Mafundi wa chuma walipochukua nafasi ya mafundi wa mti katika karne ya 19 waliyahifadhi makosa yale yale. Kichwa cha mti kikawa ubapa wa chuma, mpini ukabaki kisiginoni. Mabadiliko yaliyokuwa na maana zaidi yaliletwa na Willie Park wa Musselburgh, mwana wa baba mwenye jina hilo hilo, bingwa wa mashindano makuu ya wazi ya Uingereza katika mwaka wa 1887 na 1889. Yeye alitengeneza fimbo yenye shingo iliyopindwa, ili uso ukae nyuma kidogo ya mstari wa mpini, na mchezaji aone vizuri zaidi mahali ambapo uso unagusa mpira. Alikuwa mchezaji hodari wa kusukuma kuliko wengi wa zamani zake, lakini hakuona haya kukiri kwamba jicho lataka msaada.

Fikira iliyotawala, hata hivyo, ilikuwa nyingine. Watu waliamini kuwa chombo ni kipimo cha mtu, na kwamba fimbo ngumu kutumia ndiyo inayomtenga hodari na dhaifu. Aliyekosa alaumiwe mkono wake. Aliyetaka fimbo iliyo nyepesi kuitawala alionekana kama mwanafunzi anayeomba mtihani ulegezwe. Hoja hii si ya kudharauliwa. Mchezo bila ugumu si mchezo. Lakini hoja hiyo ilificha swali ambalo hapana aliyeliuliza kwa sauti: je, ugumu huu umewekwa na mchezo, au umeachwa na fundi kwa sababu hakujua njia nyingine?

Swali hilo liliulizwa na mtu asiyekuwa fundi wa fimbo. Arthur Knight alikuwa mhandisi wa kampuni ya umeme ya General Electric katika mji wa Schenectady, jimbo la New York. Katika mwaka wa 1902, akiwa amechoshwa na kukosa mashimo, alijitengenezea fimbo yenye kichwa kipana cha alumini, umbo la nyundo, na mpini akauingiza karibu na katikati ya kichwa badala ya kisiginoni. Kwa tendo hilo moja bendera ikaondoka kwenye mlingoti, na kichwa kikawa na uzito pande mbili za mpini. Alipata hataza yake mwaka wa 1903, na fimbo ikaitwa kwa jina la mji wake.

Fimbo ya Schenectady ilimfikia Walter Travis. Mtu huyu alizaliwa Australia mwaka wa 1862, akahamia Marekani, na hakushika fimbo ya gofu mpaka alipopita umri wa miaka 30. Hakuwa na nguvu ya kuupiga mpira mbali kama vijana. Silaha yake ilikuwa usahihi. Mwaka wa 1904, naye ana miaka 42, alivuka bahari kwenda Sandwich, kusini ya Uingereza, kushindania ubingwa wa wachezaji wa ridhaa. Siku za mazoezi mkono wake wa kusukuma ulikuwa umemkimbia. Ndipo alipoazimwa fimbo ya Schenectady, na mashimo yakaanza kumtii. Katika pambano la mwisho alimshinda Edward Blackwell, mtu aliyejulikana kwa mapigo marefu mno. Hapana mgeni kutoka ng'ambo aliyewahi kuutwaa ubingwa ule kabla yake, na inasimuliwa kwamba watazamaji walimpa makofi machache kuliko yanayompasa mshindi.

Hapa mwandishi wa historia sharti aende polepole, maana ipo hadithi inayopendwa kuliko ukweli. Husemwa kwamba Waingereza, kwa uchungu wa kushindwa, waliipiga marufuku fimbo ile mara moja. Haikuwa hivyo. Miaka 6 ilipita. Klabu moja ya gofu ya New Zealand ilipeleka St Andrews swali kama fimbo zenye umbo la nyundo, kama zile za mchezo wa kroke, zinaruhusiwa. Katika mwaka wa 1910 wakuu wa St Andrews waliamua kwamba haziruhusiwi, na Schenectady ikaingizwa katika kundi hilo. Yamkini uchungu wa 1904 ulikuwa bado umo vifuani mwa baadhi yao, lakini hukumu ilitoka kwa njia ya swali na jawabu, si kwa njia ya kisasi cha siku moja. Wakuu wa mchezo wa Marekani walikataa kuifuata hukumu hiyo. Tangu hapo fimbo moja ikawa halali upande mmoja wa bahari ya Atlantiki na haramu upande wa pili, mpaka mkutano wa mwaka wa 1951 ulipozipatanisha kanuni za pande mbili, na kanuni mpya zikaanza kutumika mwaka wa 1952.

Zaidi ya miaka 40 ya marufuku ilihusu mahali pa kutia mpini. Mtu aweza kucheka, lakini nafikiri ubishi ule ulikuwa wa maana. Wale waliokataza walikuwa wanalinda kitu halisi, yaani wazo la kuwa ushindi uwe wa mtu na si wa kitu alichokishika. Walichokosea ni kudhani kuwa chombo cha zamani hakina upande. Ubapa wenye mpini kisiginoni nao ulikuwa umechagua upande wake: ulimpendelea mtu aliyejaliwa mkono usiotikisika, na ulimwadhibu mwingine kwa kosa kubwa kuliko alilolitenda. Hapana chombo kisichohukumu. Kila fundi, ajue asijue, huweka hukumu ndani ya umbo.

Aliyelifahamu jambo hili kwa kina kuliko wote alikuwa, kwa sadifa ya ajabu, mhandisi mwingine wa kampuni ile ile ya General Electric. Karsten Solheim alizaliwa Bergen, nchi ya Norwei, mwaka wa 1911, akachukuliwa Marekani angali mtoto mchanga, akakulia Seattle. Baba yake alikuwa mshona viatu, na mwana naye akaifanya kazi hiyo. Alijiunga na chuo kikuu lakini umaskini wa miaka ile ya dhiki ulimtoa. Baadaye alijifunza uhandisi, akafanya kazi katika viwanda vya ndege, kisha akaingia General Electric. Wenzake kazini ndio waliomwingiza katika gofu, naye ana miaka 42. Kama walivyokuwa Knight na Travis, alikutana na mchezo huu akiwa mtu mzima, na kama Knight, alishindwa kusukuma.

Tofauti yake na mzee wangu ilikuwa hii: hakumtazama mbeba mfuko. Aliitazama fimbo. Akaona kwamba kichwa chembamba kinageuka kinapopigwa nje ya kiini, akajiuliza nini kingekizuia kisigeuke. Inasimuliwa kwamba aliyaonyesha mawazo yake kwa vipande viwili vya sukari, kimoja mwisho huu na kimoja mwisho ule, vikiunganishwa kwa vijiti vya askrimu. Uzito ukae kwenye ncha na kisigino. Katikati pabaki patupu.

Wazo hili halihitaji chuo kikuu ili lifahamike kwetu. Zamani wachukuzi wa maji katika miji ya pwani walibeba mzega: mti begani, debe moja mbele na debe moja nyuma. Mpe mtu huyo madebe yote mawili kichwani, na akiitwa kwa nyuma atageuka upesi. Mpe mzigo ule ule kwa mzega, kisha mwite. Hawezi kugeuka ghafula, maana madebe yaliyo mbali naye humkataza. Uzito haukuongezeka hata ratili moja. Kilichobadilika ni mahali pake. Ukaidi huu wa kitu kugeuzwa nitauita ukinzani wa kuzunguka. Kanuni yake ni kwamba uzito ukisogezwa mbali na kiini mara mbili, ukinzani huongezeka mara nne.

Tutie mfano katika hesabu. Tuseme kichwa cha fimbo kina gramu 350 na urefu wa sentimita 10. Kwanza kiwe ufito wa chuma ulio sawa toka mwanzo hata mwisho. Ukinzani wake, ukipimwa kwa gramu na kwa mraba wa sentimita, ni 2,917 hivi. Sasa uzito huo huo ugawanywe mafungu mawili ya gramu 175, kila moja likae mwisho wake kama madebe ya mzega. Ukinzani utakuwa 8,750, yaani mara 3. Basi mpira upigwe sentimita 2 nje ya kiini, kwa pigo ambalo lingeufikisha mita 10 kama lingepiga katikati. Tukiacha kando nguvu za vidole vinavyoushika mpini, kichwa cha kwanza kitauacha mpira karibu mita 1 nyuma ya shimo; kichwa cha pili kitauacha sentimita 36 tu nyuma. Mkono ni ule ule, kosa ni lile lile, uzito ni ule ule. Adhabu imepungua ikawa theluthi moja.

Mwaka wa 1959, katika banda la gari la nyumba yake huko Redwood City, jimbo la California, Solheim alitengeneza fimbo yake ya kwanza ya kuuza. Ilipogonga mpira ilitoa mlio kama wa chuma cha kupimia sauti, na kwa mlio huo akaipa jina la Ping. Wachezaji wengi waliicheka. Haikufanana na kitu walichokijua. Lakini kila mwaka waliongezeka wale waliochoka kuchekelea na kukosa. Mwaka wa 1966 alichora juu ya jalada la karatasi la sahani ya santuri umbo lililokusanya maarifa yake yote: uzito mwishoni pande zote mbili, katikati pamechimbuliwa, na shingo imepindwa ili jicho lione uso wote wa fimbo. Mkewe Louise ndiye aliyeliita Anser, neno la Kiingereza lenye maana ya jawabu, lililopunguzwa herufi moja ili litoshe kuandikwa juu ya kichwa. Hataza ilitolewa mwaka wa 1967, na mwaka huo huo Solheim akaacha ajira akashika kiwanda chake. Mwaka wa 1969 George Archer alishinda mashindano ya Masters kwa fimbo hiyo. Hataza ilipokwisha muda wake viwanda vingi viliiga umbo hilo, na hata leo, zaidi ya miaka 20 baada ya kifo cha Solheim mwaka wa 2000, ni vigumu kuingia katika duka la vifaa vya gofu usikute mjukuu wa mchoro ule.

Kosa la mkono lilikuwa limepata tabibu. Lilibaki kosa la jicho. Uwiano wa kichwa humsaidia aliyepiga nje ya kiini, lakini haumwambii aliyesimama vibaya kwamba amesimama vibaya. Mafundi waliofuata walijaribu kukifanya kichwa kizungumze na jicho. Kwanza walichora mstari mmoja juu yake, kisha mistari miwili sambamba. Kisha wakapanua kichwa kuelekea nyuma, maana mstari mrefu huonyesha upotovu upesi kuliko mstari mfupi, kama timazi ndefu ya mwashi ionyeshavyo ukuta uliolala. Mwaka wa 1986 Jack Nicklaus, naye ana miaka 46, alishinda Masters kwa fimbo yenye kichwa kikubwa kupita desturi, na waliokiona kichwa kile kuwa kichekesho siku ya kwanza hawakucheka siku ya mwisho.

Dave Pelz, aliyekuwa mtafiti wa mambo ya anga za juu kabla ya kuwa mwalimu wa gofu, alikwenda mbali zaidi. Katika miaka ya 1980 alitengeneza kichwa chenye sura ya mipira mitatu iliyopangwa mstari nyuma ya uso, ili mpira wenyewe ukamilishe safu. Jicho hupenda safu. Likiona duara moja limetoka katika mstari hukataa kutulia. Fimbo ile ilikataliwa na wakuu wa kanuni, kwa sababu kichwa chake kilikuwa kirefu kutoka uso hata nyuma kuliko upana wake kutoka kisigino hata ncha. Mwaka wa 2001 kiwanda cha Odyssey kilitoa fimbo yenye mipira miwili badala ya mitatu. Kichwa kilikuwa kifupi kwa kadiri iliyotakiwa, kanuni ikaridhika, na fimbo ikauzwa kwa wingi duniani.

Kati ya mpira wa pili na wa tatu ndipo ulipo mpaka ambao mchezo umejiwekea. Wengine watasema kuwa mpaka huo hauna maana: kama miwili ni halali, mitatu ina dhambi gani? Mimi nasema kila mpaka unaotenganisha vitu vinavyofanana utaonekana hivyo kwa aliyesimama juu yake. La muhimu ni kwamba uwe mmoja kwa watu wote, utangazwe, na uweze kupimwa kwa rula. Marufuku ya 1910 iliwatenga watu kwa bahari. Kanuni ya upana na urefu haimtengi mtu. Tena kanuni zimeelekea kutazama tendo la mtu kuliko umbo la chombo. Tangu mwaka wa 2016 imekatazwa kuuegemeza mwisho wa mpini katika kifua au tumbo wakati wa kusukuma, lakini fimbo ndefu zenyewe hazikukatazwa. Hapo naona busara iliyopevuka: chombo na kisaidie, illa pigo na libaki la mikono.

Maana chombo kizuri hakiondoi kosa. Rudi katika hesabu yetu: kichwa chenye mzega nacho kilimwacha mchezaji sentimita 36 nyuma. Hakikumdanganya kwamba amepiga vema. Kilimwadhibu kwa kiasi cha kosa lake. Na yule aliyelenga kando kwa nyuzi 1, hata akishika fimbo bora ya kiwanda bora, mpira wake utakwenda kando kwa nyuzi ile ile. Fundi mwema hafuti kosa la mtu wala halikuzi. Hulirudisha kwa mwenyewe likiwa na ukubwa wake halisi, ili aweze kulijua na kulirekebisha. Kosa lililokuzwa mara tatu halifundishi kitu; humkatisha mtu tamaa, au humfanya atafute wa kumsingizia.

Sasa naweza kumrudia mzee wangu, ambaye bila shaka amekwisha tangulia mbele ya haki. Mama alisema kweli: mimi nilikuwa jua la bure. Lakini methali haikusema yote. Naikumbuka fimbo ile ya urithi: ubapa mwembamba, mpini kisiginoni, hapana mstari wa kuongoza jicho. Mkono wake ulikuwa na miaka 70 na ulitetemeka kidogo, kama mikono yetu sote itakavyotetemeka tukijaliwa umri. Kila mtetemeko mdogo fimbo ile iliufanya kuwa aibu kubwa mbele ya rafiki zake, naye, kwa kuwa aliiheshimu fimbo kama alivyomheshimu baba yake, hakuweza kuishuku. Lawama ilitafuta mahali pa kukaa, ikamkuta mtoto aliyesimama karibu.

Sisi tunaofundisha tunashika vyombo vya namna hiyo kila siku: mitihani, vitabu, maswali tunayoyauliza kwa desturi kwa sababu na sisi tuliulizwa hayo hayo. Mwanafunzi akikosa tunautazama mkono wake, na mara nyingi mkono una kosa kweli. Lakini tangu niliposoma habari za Solheim nimekuwa na mazoea, kabla ya kuandika alama nyekundu, kulitazama swali langu mwenyewe, nione uzito wake umekaa wapi. Mwaka jana nilifuta maswali mawili niliyoyarithi kwa mwalimu wangu, ambaye nilimpenda sana. Nusu ya ujira niliyonyimwa zamani zile sikuidai, wala siidai sasa.